MADA YA 7: MWELEKEO MPYA WA UTAFITI WA HISTORIA YA UKOLONI – MFANO WA SHINYANGA NA GEITA

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kueleza hatua kuu za uandishi wa historia ya ukoloni Tanganyika;
(b) kufafanua maswali mapya wanayouliza watafiti wa sasa;
(c) kutumia mifano ya Usukuma kujibu swali la insha;
(d) kutathmini faida na hatari za mwelekeo mpya.

7.1 Utangulizi

Mwaka mmoja, nikifundisha uchumi wa kikoloni, mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekulia Geita alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, babu yangu alifanya kazi katika mgodi wa Wazungu. Mshahara wake ndio uliomnunulia baiskeli na ng'ombe wa mahari. Mpaka anafariki aliusifu mgodi ule. Sasa kwenye insha nimweke wapi, kwa walionyonywa au kwa vibaraka?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu la haraka. Kitabu tulichokuwa tukikitumia kilikuwa na makundi mawili tu: wakoloni walionyonya na Waafrika waliopinga. Babu wa kijana yule hakuwa na nafasi katika kundi lolote kati ya hayo, na wazee wengi wa Usukuma nao hawana.

Swali hilo ndilo linalowashughulisha wanahistoria wa siku hizi. Hawajaacha kusema kwamba ukoloni ulinyonya. Wanauliza zaidi: watu wa kawaida waliishije ndani ya mfumo huo, walichagua nini, walilazimishwa nini, na wao wenyewe waliyaelewaje maisha yao?

7.2 Hatua nne za uandishi wa historia ya ukoloni

Mtahiniwa, usikariri majina peke yake. Angalia kila hatua iliuliza swali gani na iliacha nini.

(a) Historia iliyoandikwa na wakoloni. Wakati wa Wajerumani na Waingereza, walioandika wengi walikuwa maofisa, wamisionari na wasafiri. Mwafrika alionekana kama mtu wa kutawaliwa, kustaarabishwa au kupangiwa kazi. Maandishi hayo yana taarifa nyingi muhimu, lakini yanaitazama jamii kutoka dirisha la boma.

(b) Historia ya kizalendo (miaka ya 1960). Baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu cha wanahistoria waliotaka kumrudisha Mwafrika katikati ya historia yake. Terence Ranger, Isaria Kimambo na Arnold Temu ni miongoni mwao. Kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Kimambo na Temu kilitoka mwaka 1969. Watafiti walikusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji (1905–1907) vijijini, na wengine wakaonesha uhusiano kati ya upinzani wa awali na harakati za TANU. Udhaifu wake ni kwamba waliopinga walipewa kurasa nyingi, na wasiopinga kwa silaha wakasahaulika au wakaitwa vibaraka.

(c) Historia ya uchumi na unyonyaji (miaka ya 1970). Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1972 kitabu chake maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Swali lake kuu lilikuwa: mali ilitoka wapi na ilikwenda wapi? Hatua hii ilitufundisha kuuona mfumo wote: kodi, mazao ya biashara, reli inayoelekea bandarini, mishahara midogo. Udhaifu wake ni kwamba mkulima na mfanyakazi walionekana kama watu wa kusukumwa tu, wasio na mipango yao.

(d) Historia ya jamii na maisha ya kila siku (kuanzia miaka ya 1980 hadi sasa). John Iliffe alifungua njia mwaka 1979 kwa kitabu kikubwa cha historia ya Tanganyika kilichochunguza wafanyakazi, wakulima, watu wa dini na hata namna makabila yalivyojengwa wakati wa ukoloni. Baada yake watafiti wamegeukia kazi, wanawake, mazingira, nyimbo na kumbukumbu. Hata Maji Maji imechunguzwa upya. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kinachoonesha kwamba vita hivyo havikuwa na sura moja: kila eneo lilikuwa na sababu zake, na migogoro ya ndani nayo ilichangia.

Jifunze zaidi: Korea
Mwelekeo huu hauko Afrika pekee. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Kwa muda mrefu historia ya kipindi hicho iliandikwa kwa nguzo mbili: unyonyaji wa Wajapani na upinzani wa Wakorea, hasa maandamano makubwa ya tarehe 1 Machi 1919. Mwaka 1999 Gi-Wook Shin na Michael Robinson walihariri kitabu kilichouliza jinsi redio, miji, viwanda na elimu vilivyobadilisha maisha ya Wakorea chini ya ukoloni. Wapo waliopinga wakisema njia hiyo inaweza kupunguza uzito wa mateso. Mwaka 1991, mwanamke Mkorea aliyeitwa Kim Hak-sun alisimama hadharani akaeleza jinsi jeshi la Japani lilivyomfanya mtumwa wa ngono. Ushahidi wa mdomo wa wanawake kama yeye ulilazimisha dunia kuirudia historia hiyo. Tunajifunza mambo mawili: maisha ya kila siku yachunguzwe, na maumivu yasifutwe.

7.3 Mifano kutoka Usukuma

(i) Kazi ya mshahara: wapagazi, manamba na wachimbaji

Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda mwaka 1898. Kodi ilihitaji fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza mazao au kuuza nguvu. Hiyo ndiyo nguvu ya kulazimisha, na katika insha lazima uitaje.

Lakini safari za kazi hazikuanza na Wajerumani. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19, anaonesha kwamba Wanyamwezi na majirani zao walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, waliojadiliana ujira na waliokuwa na desturi na heshima za kazi yao. Kwa hiyo vijana wa Usukuma na Unyamwezi waliokwenda baadaye kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wale tuliowaita manamba, walikuwa na uzoefu wa zamani wa kusafiri kutafuta mali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuajiri vibarua, SILABU, kwa sababu mashamba yalihitaji watu wengi kuliko waliojitokeza.

Migodi nayo ilileta kazi karibu na nyumbani. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Mwadui kulikuwa na hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi. Kulikuwa pia na uzio na ulinzi mkali, maana kila anayetoka alishukiwa kubeba jiwe. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Baada ya kifo chake mwaka 1958, mgodi ulinunuliwa kwa ubia na kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni.

Angalia namna mambo mawili yanavyokaa pamoja. Mali iliondoka: almasi ilikwenda kwenye kifua cha Binti Mfalme, siyo kwenye madarasa ya Shinyanga yote. Wakati huohuo mfanyakazi aliupeleka mshahara wake katika mipango yake: ng'ombe, mahari, baiskeli, ada ya mtoto. Mtafiti wa sasa anayaandika yote mawili.

(ii) Pamba na ushirika

Vitabu vya zamani vilisema pamba ililetwa kwa manufaa ya viwanda vya Ulaya. Ni kweli. Utafiti mpya unaongeza swali: kwa nini Wasukuma walipanua mashamba ya pamba kwa kasi baada ya Vita Kuu ya Pili, hata pale ambapo hapakuwa na askari wa kuwasimamia? Jibu mojawapo ni kwamba fedha ya pamba iligeuzwa kuwa ng'ombe, na ng'ombe ndio waliokuwa akiba na heshima ya kaya.

Mgogoro mkubwa wa mkulima ulikuwa kwenye mizani. Wakulima walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja uzito. Paul Bomani aliwaunganisha katika chama cha wakulima mwaka 1952, na mwaka 1955 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, ambacho baadaye kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Hapa upinzani haukuwa wa mikuki. Ulikuwa wa mkulima anayedai mizani ya haki.

(iii) Watemi katikati ya moto

Mtemi alikuwa mtawala wa jadi, na Waingereza walimtumia katika utawala usio wa moja kwa moja kukusanya kodi na kusimamia amri za kilimo. Je, alikuwa kibaraka? Tuchukue mfano wa Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha, Shinyanga. Mwaka 1945 alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwenzake alikuwa Abdiel Shangali wa Machame. Alifanya kazi na serikali, na hapohapo alikuwa sauti ya Mwafrika katika chumba kilichojaa Wazungu. Mtu wa namna hiyo hatoshi kuelezwa kwa neno moja.

Hata jina la kabila lina historia. "Sukuma" ni neno la kuonesha upande wa kaskazini, na lilitumika na Wanyamwezi kwa jirani zao wa upande huo. Kabla ya ukoloni, mtu alijitambulisha zaidi kwa utemi wake. Waingereza waliwakusanya watemi katika shirikisho moja lenye makao yake Malya, na watu wenyewe wakautumia umoja huo mpya kudai haki zao. Ukoloni uliweka mipaka. Wananchi wakaijaza maana yao.

(iv) Amri za kilimo na Geita ya 1958

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta ya kuzuia maji, kupunguza mifugo na kufuata sheria nyingi nyingine, na aliyekaidi alitozwa faini. TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilizuiwa kufanya kazi Jimbo la Ziwa hadi 1958. Mwaka huo serikali ilipolazimisha baraza la mseto la Waafrika, Waasia na Wazungu wilayani Geita, watu waliandamana na umati ukaenda hadi Mwanza. Serikali ilituma polisi, lakini mwishowe mpango wa mabaraza ya mseto ulivunjika.

Historia ya kizalendo iliyaona matukio hayo kama hatua ya kuelekea uhuru. Watafiti wa sasa wanakubali, kisha wanasikiliza malalamiko yenyewe: ng'ombe, matuta, faini, na nani ana haki ya kumwamulia mkulima. Wengi walianza na ng'ombe wao, wakafika kwenye uhuru.

(v) Mazingira

Helge Kjekshus aliandika mwaka 1977 kwamba majanga ya miaka ya 1890, hasa sotoka iliyoua ng'ombe, pamoja na ndui na vita, yalivunja uwezo wa watu kuyadhibiti mazingira yao. Watu na mifugo walipopungua, vichaka vilirudi na mbung'o wakaenea. Waingereza waliweka Shinyanga kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na maelfu ya wananchi waliitwa na watemi wao kufyeka vichaka.

Mbung'o walipungua na malisho yakapatikana. Lakini kufyeka huko, pamoja na upanuzi wa pamba na mifugo, kulichangia ukame wa ardhi ambao ndio uliosababisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuanzishwa mwaka 1986. Mradi ulifanikiwa uliporudi kwenye ujuzi wa wenyeji: ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Ukipita leo ukaona ngitili pembeni ya barabara, unaona historia ya ukoloni na namna watu walivyoirekebisha.

(vi) Wanawake

Mume alipokwenda mkonge au mgodini, nani alilima? Mikono ya nani ilichuma pamba, na fedha ya mauzo ilishikwa na nani? Nyaraka za boma mara nyingi zilimwandika mlipa kodi, ambaye kwa kawaida ni mwanamume. Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alikusanya maisha ya wanawake wa TANU, akiwemo Bibi Titi Mohamed, akaonesha kwamba wanawake hawakuufuata utaifa tu, waliujenga.

7.4 Vyanzo vya historia vinavyotumika sasa

• Nyaraka za serikali, zinazosomwa kwa kuuliza: nani aliandika, na nani hakuulizwa?
• Masimulizi ya mdomo ya wazee, yanayolinganishwa na vyanzo vingine.
• Nyimbo za kazi na ngoma. Mwaka 2010 Frank Gunderson alitoa kitabu chenye mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma. Nyimbo hizo zinataja safari, jembe, pamba, kodi na vita, tena kwa sauti ya mfanyakazi mwenyewe.
• Makumbusho na vifaa, kwa mfano Makumbusho ya Wasukuma Bujora, karibu na Mwanza.
• Mazingira yenyewe: ngitili, mashimo ya zamani ya migodi, barabara.

7.5 Tahadhari

Kuna wanafunzi wanaosoma mwelekeo mpya halafu wanaandika, "Kumbe ukoloni ulikuwa na faida." Hilo siyo hitimisho la utafiti huu. Mkulima aliyefanikiwa kununua ng'ombe kumi alifanikiwa kwa akili na jasho lake, ndani ya mfumo uliomnyima kura na kumpangia bei. Sifa ni yake, siyo ya mfumo.

Pia deni la historia halijafungwa. Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi Songea kwa ukatili uliofanywa na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Miaka zaidi ya 100 ilikuwa imepita, na bado familia zilikuwa zikisubiri.

7.6 Swali la mfano na namna ya kujibu

Swali: "Historia ya ukoloni Tanganyika ni historia ya unyonyaji na upinzani tu." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano ya Usukuma.

Aya dhaifu: "Wakoloni waliwanyonya Waafrika. Walilima pamba na kuchimba madini. Waafrika walipinga sana. Hivyo ukoloni ulikuwa mbaya."

Kasoro: haina mahali, haina mwaka, haina mtu, na haijajibu neno "tu".

Aya nzuri: "Unyonyaji ulikuwepo, kwani almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940 iliwanufaisha zaidi wamiliki wa kigeni. Hata hivyo, wananchi hawakuwa wa kunyonywa tu. Wakulima wa pamba waliolalamikia mizani waliungana chini ya Paul Bomani na kufikia mwaka 1955 wakawa na chama kikuu cha ushirika. Walikuwa ndani ya uchumi wa kikoloni na hapohapo wakipigania haki yao ndani yake. Kwa hiyo kauli hii ni kweli kwa sehemu, lakini neno 'tu' linawaacha nje watu wengi."

Zingatia: aya nzuri imekubali sehemu ya kauli, imetoa ushahidi, kisha imetoa uamuzi. Fanya hivyo kwa kila hoja.

7.7 Muhtasari

Hatua ya wakoloni ilimtazama mtawala. Hatua ya kizalendo ilimtazama shujaa. Hatua ya uchumi ilitazama mfumo. Mwelekeo wa sasa unamtazama mtu wa kawaida ndani ya mfumo, bila kuusahau mfumo. Unahitaji hatua zote ili kujibu vizuri.

Yule kijana wa Geita nilimjibu wiki iliyofuata. Nilimwambia: "Babu yako mweke kwenye sentensi mbili. Ya kwanza, alilipwa kidogo kuliko thamani ya dhahabu aliyoitoa ardhini. Ya pili, kwa kidogo hicho alijenga mji, na wewe umetoka hapo. Usifute sentensi yoyote kati ya hizo." Aliandika. Wewe nawe, kabla ya mtihani, muulize mzee mmoja wa kwenu alifanya kazi gani kabla ya uhuru. Andika jibu lake, kisha lilinganishe na uliyosoma hapa.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya historia ya kizalendo ya miaka ya 1960 na historia ya uchumi ya miaka ya 1970. Toa mfano mmoja kwa kila moja.
2. Kwa nini wapagazi wa karne ya 19 ni muhimu katika kuelewa manamba wa karne ya 20?
3. "Mtemi wakati wa ukoloni alikuwa kibaraka." Jadili kwa hoja nne.
4. Fafanua namna mapambano dhidi ya mbung'o yalivyobadilisha mazingira ya Shinyanga.
5. Malalamiko ya wakulima wa Usukuma yalichangiaje harakati za uhuru kati ya 1952 na 1958?
6. Taja vyanzo vitatu vya historia visivyo nyaraka za serikali, na ueleze nguvu na udhaifu wa kila kimoja.
7. Linganisha uandishi wa historia ya ukoloni wa Korea na wa Tanganyika. Toa mambo mawili yanayofanana.